Volti 52 Si Betri Iliyojaa

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Nilikuwa Kisiwani, wilayani Same, nyumbani kwa mama mdogo, na sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Miezi mitatu kabla tulikuwa tumemfungia sola: paneli juu ya bati, inveta ya kilowati 5 ukutani, na chini yake betri ya lithiamu ya volti 51.2, AH 100. Kabla ya kulala nilikitazama kioo cha inveta. Volti 52, mchoro wa betri una mistari yote. Nikalala. Usiku wa manane feni ikasimama, friji ikanyamaza, na inveta ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake.

Asubuhi mama mdogo alisema tumeuziwa betri mbovu. Betri haikuwa mbovu, ila haikuwa imejaa, na ilikuwa haijajaa kwa wiki kadhaa. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kuukalia mlima, paneli zinapata jua la kubahatisha, na matumizi ya nyumba ni yale yale. Kila usiku betri ilikuwa inaishiwa, inveta inahamia kwenye umeme wa TANESCO kimyakimya sisi tukiwa usingizini, na asubuhi tunaamka tunaisifu sola. Gridi ndiyo iliyokuwa inatufichia kasoro. Siku gridi yenyewe ilipoanguka, hapakuwa na wa kuficha.

Kosa lilikuwa kwenye ile volti 52. Fundi aliyetufungia aliiacha inveta kwenye mpangilio wa betri za asidi, kama ilivyotoka kiwandani. Inveta ikawa inaamini imeunganishwa na betri nne za volti 12 zilizopangwa mfululizo, na kwa betri za namna hiyo volti 52 ni volti 13 kwa kila moja, yaani imejaa. Lakini betri yetu ina seli 16 za lithiamu na fosfati ya chuma. Gawanya 52 kwa 16 unapata volti 3.25 kwa seli, na seli ya aina hii ikiwa imetulia kwenye volti 3.25 imebakiza kama theluthi tu ya umeme wake. Namba ni ile ile, maana ni mbili tofauti kabisa.

Seli hizi zina tabia moja ambayo kila mwenye betri ya lithiamu anapaswa kuijua. Betri ya asidi hushusha volti polepole kadiri unavyoitumia, kwa hiyo volti inaweza kukupa picha ya kilichobaki. Seli ya lithiamu na fosfati hukaa kwenye volti 3.2 hadi 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, ikiwa na asilimia 80 au asilimia 25, kisha mwishoni inaporomoka ghafla. Kuipima kwa volti ni kama kupima mtungi wa gesi kwa kuangalia ukubwa wa moto jikoni: moto unawaka vizuri mpaka dakika unapozimika.

Na wakati wote huo, ndani ya betri yenyewe kulikuwa na kifaa kinachojua ukweli wote. Ni ubao mdogo wa udhibiti ambao mafundi wanauita BMS. Una waya mwembamba unaokwenda kwa kila seli, una vipimajoto, na unahesabu umeme unaoingia na unaotoka ili kujua asilimia iliyobaki. Ulikuwa unajua kwamba betri imebaki na theluthi. Hakuna aliyeuuliza. Kebo ya mawasiliano ilikuwa bado kwenye boksi, imefungwa nailoni yake.

Ushauri wangu wote unatokana na kebo ile. Usimwache fundi aondoke kabla inveta haijaanza kuzungumza na betri, na kabla wewe mwenyewe hujaisoma betri yako kwa macho yako. Aliyekufungia awe na leseni ya EWURA, na nyaya nene azishike yeye. Lakini kusoma na kuelewa ni kazi ya mwenye nyumba.

Sisi Wapare tumeijua kazi ya BMS kabla ya sola kufika. Mababu walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kugawiwa mashambani kwa zamu. Ndiva ina msimamizi wake. Mtu hafungui anavyotaka, na hakuna anayeruhusiwa kukwangua maji mpaka tope. BMS ni msimamizi huyo: inazuia betri isijazwe kupita kiasi, isikaushwe, isitolewe umeme kwa fujo, isichajiwe ikiwa na joto kali. Ikiona hatari, inafunga. Shida ni kwamba ikifunga, inafunga nyumba nzima kwa mara moja. Kwa hiyo msimamizi huyu asiwe mtu wa kugombana naye kila siku. Inveta inapaswa kusikia maneno yake mapema na kusimama yenyewe kabla mlango haujafungwa.

Anza kabla ya kununua. Muulize muuzaji betri ina seli ngapi, na usikubali jibu la "ni ya volti 48" tu, maana sokoni kuna za seli 15 na za seli 16, na zote zinaitwa za 48. Pylontech, kwa mfano, betri zake za US2000 na US3000 ni za seli 15. Nyingi nyingine zinazoandikwa volti 51.2 ni za seli 16. Tofauti ya seli moja si ndogo. Ukiipa betri ya seli 15 chaji ya volti 56 inayofaa seli 16, kila seli inasukumwa hadi volti 3.73, juu ya kikomo chake cha 3.65, na BMS itakata chaji kila mchana. Ukifanya kinyume chake, ukaipa betri ya seli 16 volti 53.2 za seli 15, kila seli inaishia 3.32, haijai kamwe, na seli zinaanza kupishana bila mtu kugundua.

Swali la pili kwa muuzaji: betri hii inazungumza na inveta yangu kwa lugha gani? Njia za kawaida ni mbili, CAN na RS485. CAN ilibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani miaka ya 1980 kwa ajili ya magari, vifaa vya ndani ya gari vipate kupashana habari kwa waya mbili tu, na leo lugha hiyo ya magari imefika mpaka kwenye kuta zetu. Kitabu cha inveta huwa na orodha ya betri inazozielewa. Betri yako ikiwa haimo, uliza kama inaweza kuiga lugha ya iliyomo. Nyingi zinaweza, kwa kubadilisha mpangilio mmoja kwenye programu yake.

Sasa kebo. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kebo hii inafanana kabisa na kebo ya intaneti, yenye plagi ya plastiki ya pini nane. Kufanana kwao ni kwa nje. Pini zinazobeba ujumbe hazipangwi sawa kila kampuni. Kwenye Pylontech, CAN iko kwenye pini ya 4 na ya 5, na RS485 iko kwenye ya 7 na ya 8. Inveta yako inaweza kuwa inasikiliza RS485 kwenye pini ya 1 na ya 2. Ukichomeka kebo ya kawaida hapo, plagi inaingia vizuri, inabana, na hakuna kinachotokea, kwa sababu mmoja anasema kwenye sikio ambalo mwenzake hana. Fungua vitabu vyote viwili, tafuta mchoro wa pini, umwonyeshe fundi. Kama pini hazilingani, kebo ikatwe na kupangwa upya, au itumike ile maalumu iliyokuja na kifaa. Waya mbili za RS485 zikigeuzwa, A ikaenda kwa B, kwa kawaida haziunguzi kitu, ila mazungumzo hayatakuwepo.

Angalia pia umechomeka tundu lipi. Betri nyingi zina matundu manne au matano yanayofanana: la kuzungumzia na inveta, mengine ya kuunganisha betri na betri, na lingine la kompyuta ya fundi. Kebo ikiingia tundu la betri na betri, inveta haitasikia neno. Na usithubutu kuchomeka mashine ya intaneti kwenye matundu hayo.

Karibu na matundu kuna swichi ndogo ndogo, safu ya nne au sita, za kuinua na kushusha kwa ncha ya kalamu. Hizo zinaipa betri namba yake. Betri ikiwa moja, fuata jedwali la kitabu kwa betri ya peke yake. Zikiwa mbili au zaidi, kila moja iwe na namba yake, na moja tu ndiyo kiongozi inayozungumza na inveta kwa niaba ya wenzake. Zipange swichi hizo betri ikiwa imezimwa, kisha iwashe upya, maana betri nyingi husoma swichi hizo wakati wa kuwaka tu. Na kabla ya kuziunganisha betri mbili kwa nyaya nene, kila moja ijazwe kwanza peke yake mpaka mwisho. Iliyojaa ikikutana na tupu, umeme hukimbia kutoka moja kwenda nyingine kwa nguvu ambayo hutaki kuiona.

Wakati wa kuwasha, breka ya betri iwe ya kwanza, kisha inveta, paneli ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyumenyume. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kusogelea vituo vya betri. Volti 51 hazitakurusha kama umeme wa ukutani, lakini spana ikigusisha chanya na hasi itayeyuka mkononi mwako.

Baada ya hapo, nenda kwenye inveta, mahali pa kuchagua aina ya betri, uitoe kwenye asidi uiweke kwenye lithiamu, kisha uchague lugha inayolingana na betri yako. Utajuaje kama wameelewana? Kioo cha inveta kitaacha kukisia kwa mistari na kitaanza kuonyesha asilimia. Lakini usitosheke na hilo, jaribu hivi: mchana jua likiwaka, chomoa ile kebo ya mawasiliano, usiguse kingine. Inveta iliyokuwa inasikiliza italalamika muda mfupi baadaye kwa mlio au namba ya hitilafu. Isiposema lolote, na ile asilimia ikaendelea kukaa pale pale, haikuwa inasikiliza tangu mwanzo. Sisi tulifanya jaribio hili mara tatu kabla ya kufanikiwa. Mara ya kwanza tundu halikuwa sahihi, mara ya pili lugha.

Njia ya pili ya kuisoma betri ni simu yako. Betri nyingi zinazoundwa na mafundi, zenye BMS za JK, JBD au Daly, zina Bluetooth na programu yake ya simu. Pakua programu hiyo mahali penye mtandao mzuri. Ukishaipata, Bluetooth yenyewe haihitaji bando. Simu za Android nyingi zitakuomba ruhusa ya mahali ulipo kabla hazijaiona betri, nawe uiruhusu. Simu ikikuambia betri haipo, ulizia kwanza kama simu ya fundi bado imeunganishwa, kwa sababu BMS nyingi huzungumza na simu moja kwa wakati mmoja. Neno la siri la kiwandani huwa ni 1234 au mfano wake, na kila mtu analijua. Libadilishe siku hiyo hiyo. Liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, si kwenye simu ya fundi peke yake. Nimeona nyumba ambazo mwenye betri hawezi kuifungua betri yake mpaka apatikane kijana aliyehamia Dar es Salaam.

Kabla hujagusa namba yoyote ndani ya programu, piga picha ya kila ukurasa kama ulivyo, kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwa betri ya seli 16 ya AH 100, hivi ndivyo ningeziweka namba, mwongozo wa betri yako ukiwa na neno la mwisho. Kwenye BMS, idadi ya seli 16, ukubwa AH 100, aina lithiamu na fosfati. Kukata chaji seli yoyote ikifika volti 3.65, kukata matumizi ikishuka hadi 2.8. Kusawazisha seli kuanze zikifika 3.40, zikipishana kwa volti 0.01. Kwenye inveta, chaji ya kujaza volti 55.2 hadi 56, ya kushikilia baada ya kujaa 53.6 hadi 54, na ile chaji ya kuchemsha betri za asidi, ya kusawazisha kwa volti za juu, izimwe kabisa. Inveta isimamishe matumizi kwenye volti 48, au kwenye asilimia 20 kama mawasiliano yapo. Ona namba hizo zinavyofuatana: inveta inasimama kwenye volti 3.0 kwa seli, BMS inasubiri 2.8, inveta inajaza hadi 3.5, BMS inasubiri 3.65. Kati yao pana nafasi. Mawasiliano yakiwepo, inveta itafuata viwango inavyotumiwa na BMS, lakini namba hizi ziweke hata hivyo, kwa sababu siku panya atakapokata kebo ndizo zitakazobaki.

Kiasi cha mkondo nacho kinasahaulika sana. Betri ya AH 100 inapenda kuchajiwa kwa ampea 50 au chini ya hapo. Inveta nyingi zina namba mbili: jumla ya chaji yote, paneli na TANESCO pamoja, na chaji ya TANESCO peke yake. Ya jumla isizidi 50. Upande wa matumizi, inveta ya kilowati 5 ikifanya kazi yote inavuta karibu ampea 100 au zaidi kutoka betri ya volti 51.2. Betri moja ya AH 100 iko ukingoni hapo. Pasi ikiwaka, friji ikianza, na pampu ya maji ikaguruma kwa wakati mmoja, BMS itafunga, na itakuwa imefanya haki. Suluhisho ni betri ya pili au zamu ya matumizi. Usipandishe kikomo cha mkondo kwenye programu ili kuinyamazisha.

Kisiwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za baridi havilipi uzito wake: joto. Watu wa milimani, Mbaga au Chome, betri zao ziko pazuri. Baridi ya kule haifikii sifuri, kiwango ambacho chaji inakatazwa. Sisi wa tambarare, kati ya mlima na mbuga ya Mkomazi, chumba chenye bati bila dari kinawaka saa nane mchana, saa ile ile paneli zinapojaza betri. Seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na zinazeeka haraka hata kabla ya hapo. Betri ya mama mdogo ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la jioni. Tuliihamishia chumba cha ndani, juu ya meza ya chuma, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na mchana vipimajoto vyake vikaanza kusoma nyuzi za chini kuliko zamani. Siku mbili za kazi. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kutoa kwa watu wa Kisiwani, Maore na Ndungu, ungekuwa huo wa ukuta.

Ukishaunganisha, iache betri ijae kabisa siku kadhaa mfululizo na uangalie seli zake kwenye simu ikiwa karibu kujaa. Huko juu ndiko seli zinakojitofautisha. Katikati zote zinafanana. Zikipishana kwa volti 0.03 au chini yake, shukuru. Moja ikikimbilia 3.6 wakati wenzake wako 3.4, shusha chaji ya kujaza hadi 55.2 na uvumilie wiki mbili au tatu zisawazishwe. Isipobadilika, rudisha betri dukani ikiwa bado ndani ya dhamana, ukiwa na picha za simu kama ushahidi.

Na katika masika, hesabu ya asilimia hupotoka kidogo kidogo betri isipofika juu, kwa sababu BMS hujirekebisha inapojaa. Kila wiki mbili, jua likigoma, ijaze kwa TANESCO mpaka asilimia 100. Uniti chache za LUKU ni bei nafuu ya kuwa na namba unayoweza kuiamini.

Betri ikijifunga, kuna fundi atakayekuambia kuna njia ya mkato: kuchukua waya moja kwa moja kwenye seli, BMS ikarukwa. Mkatalie, hata kama ni ndugu. Seli za fosfati ni tulivu kuliko lithiamu nyingine, lakini seli iliyokaushwa hadi chini kisha ikalazimishwa chaji inaharibika ndani, na hakuna kitakachokuwepo cha kuizuia isivimbe.

Sasa ukutani kwa mama mdogo, kando ya inveta, tumebandika karatasi yenye mambo manne kwa mwandiko mkubwa: asilimia ikishuka chini ya 30, zima pasi na pampu; ikilia, bonyeza hapa ili inyamaze; ikizima, shusha breka hii ya matumizi, bonyeza kitufe cha betri, subiri jua; ikinuka au kuvimba, shusha breka nyekundu, toka nje, piga simu. Betri zetu nyingi huachiwa mama, bibi au mdogo wa nyumba, sisi tukiwa mjini tunauliza kwa simu. Muda wa kufundisha ni siku ile ile ya kufunga. Mwonyeshe aliyebaki nyumbani kila kitufe, umtajie kwa jina analolielewa yeye. Kisha mwambie afanye yote peke yake mbele yako, mchana, mikono yako ikiwa mgongoni.